Chanda chema kilipovikwa pete: Mzee Kamoya Kimeu na fahari ya mwana kwa babake

Wahenga wetu walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini wahenga hao hao, kwa busara yao ya kulitazama jambo pande zote mbili, walituonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hizi mbili hupigana mara nyingi majumbani mwetu, hasa inapofika zamu ya kumtukuza mtu ambaye ni baba, mfanyakazi wa mkono, asiyekuwa na maneno mengi. Mmoja husema apewe haki yake. Mwingine husema mwacheni, msije mkamharibu. Na wakati wanapobishana, baba mwenyewe amekwisha chukua kofia yake na kwenda zake kazini.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzipime methali hizo kwa mizani ya maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu, marehemu Mzee Kamoya Kimeu, aliyefariki dunia mwezi wa Julai mwaka 2022. Huyu hakuwa waziri wala tajiri. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipoanza kazi yake. Alikuwa mtu wa kutembea juani akitazama chini. Hata hivyo, ukiondoa majina ya wakuu wa nchi na wakimbiaji wetu hodari, ni Wakenya wachache mno ambao kazi yao imeingia katika vitabu vya elimu duniani kote kama ilivyoingia kazi yake.

KIBARUA WA OLDUVAI

Kamoya Kimeu alizaliwa Ukambani, sehemu za Makueni, karibu mwaka 1938. Alisoma miaka michache katika shule ya misheni, kisha, kama vijana wengi wa wakati ule, akatoka kutafuta riziki. Mwaka 1960 alijikuta katika Bonde la Olduvai, Tanganyika, akiwa kibarua wa kuchimba chini ya Bwana Louis Leakey na mkewe, Mary Leakey.

Wakati huo Olduvai ilikuwa imeanza kuvuma. Mwezi wa Julai mwaka 1959 Mary Leakey alikuwa ameliona fuvu la kiumbe wa kale aliyepewa jina la Zinjanthropus, jina lililotokana na Zinj, yaani pwani yetu hii kama Waarabu wa zamani walivyoiita. Baada ya habari hizo kuenea, fedha za utafiti zilipatikana kutoka Marekani na kazi ikapanuliwa. Ndipo mikono mipya ikahitajika, na miongoni mwa mikono hiyo ilikuwamo ya kijana Kamoya.

Si kazi ambayo mtu angeikimbilia. Katika jamii zetu nyingi, mfupa wa maiti ni kitu cha kuogopwa. Mwenye kwenda kuchimbua mifupa hutazamwa kwa jicho la pembeni, na watu huanza kunong'onezana. Tena mshahara ni wa kibarua, jua ni kali, maji ni haba, na nyumbani ni mbali. Wengi wangefanya msimu mmoja wakatoroka. Kamoya alibaki, na akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini.

KUSOMA ARDHI KAMA HERUFI

Hapa inafaa nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa maana wengi hudhani ni bahati tu, kwamba mtu anajikwaa kwenye mfupa na kupata jina.

Mfupa uliokaa ardhini kwa mamia ya maelfu ya miaka huwa si mfupa tena kama huu tuujuao. Madini ya ardhi huingia ndani yake polepole hata ukageuka kuwa jiwe, mzito, na mara nyingi wenye rangi ile ile ya mawe yaliouzunguka. Mvua inyeshapo hula kingo za makorongo na kufichua kilichokuwa kimefichika. Mwakani mvua nyingine huja ikakivunja na kukipeleka na mchanga. Basi mtafutaji hana budi kupita katikati ya mvua hizo mbili, kitu kikiwa kimeonekana lakini bado hakijapotea.

Mtafutaji hutembea polepole, macho chini, jua likiwa upande mmoja ili kivuli kidogo kionekane. Hutazama mstari wa jino, mviringo wa kiungo cha goti, ule ukingo mwembamba wa fuvu. Akikiona kitu hakikurupukii. Hukiacha mahali pake, huweka alama ya mawe, huandikisha mahali penyewe, na ndipo kazi ya brashi na chekeche ianze. Kipande kilichookotwa bila kujulikana kimetoka tabaka gani la udongo hupoteza nusu ya maana yake, kwa sababu ni udongo ndio unaotoa habari za umri.

Sisi tuliosomea vyuoni, kwa ubao na wino, tunaweza kuifahamu kazi hiyo kwa njia yetu. Mtoto anapoanza kusoma huonyeshwa be, te na the. Mwili wa herufi ni mmoja, tofauti ni nukta tu. Nukta moja chini, hiyo ni be. Mbili juu, hiyo ni te. Ukikosea nukta umekosea neno, na ukikosea neno umeharibu maana yote. Mwalimu wetu alikuwa akitukazia jicho kwa sababu ya nukta. Mzee Kamoya aliusoma mchanga namna hiyo. Pale ambapo wewe na mimi tungeona changarawe elfu, zote sawa, yeye aliona nukta.

Na matokeo yake yakaonekana mapema. Mwezi wa Januari mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, aliliona taya la chini la kiumbe wa ukoo ule ule wa Zinjanthropus, na meno yakiwamo. Mwaka 1967 alikuwa katika msafara wa Mto Omo, Ethiopia, na huko akaona mifupa ya mtu iliyopewa jina la Omo I. Mifupa hiyo mwanzo ilikisiwa kuwa na umri wa miaka 130,000 hivi. Uchunguzi wa mwaka 2005 ukasema 195,000, na ule uliotolewa mwaka 2022 ukasukuma mbele hata kupita 230,000. Ni miongoni mwa mifupa mikongwe kabisa ya watu wa namna yetu inayojulikana duniani. Wataalamu wamebadilisha hesabu mara mbili, lakini aliyeuona mfupa ni yule yule.

Kuanzia mwaka 1968 kazi ilihamia Koobi Fora, mashariki ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na tangu mwaka 1975 laitwa Turkana. Huko Kamoya alikuwa kiongozi wa kikosi cha watafutaji, wengi wao Wakamba wenzake. Alichagua nani aende wapi, akaangalia kambi, maji na chakula, na akawafundisha waliokuja. Wageni wenye shahada kubwa walifika ziwani wakiyajua majina ya mifupa kwa Kilatini, lakini ilibidi wafundishwe kuiona. Mwaka 1973 yeye mwenyewe aliliona fuvu linalojulikana kwa nambari 1813, ambalo hadi leo wataalamu wanalijadili. Mwaka 1977 akafanywa msimamizi wa sehemu zote za historia ya kale zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

KIPANDE CHA NARIOKOTOME

Tufike sasa mwezi wa Agosti mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana. Kikosi kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto mkavu uitwao Nariokotome. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Wengine walifua nguo, wengine wakalala. Mzee Kamoya akaamua kunyoosha miguu upande wa pili wa mto, katika mteremko uliojaa changarawe nyeusi, mahali ambapo mbuzi na ngamia walipita kila siku.

Akaona kipande cha mfupa, kiasi cha kibiriti hivi, cheusi kama changarawe zilizokizunguka. Kilikuwa kipande cha paji la uso. Kwa jinsi kilivyopinda, akajua kuwa si cha mnyama.

Waliochekecha mahali pale hawakuamini walichokipata. Siku baada ya siku mifupa iliendelea kutoka, mbavu, uti wa mgongo, taya, mapaja. Mifupa zaidi ya 100 ilikusanywa, ya mtu mmoja, mvulana ambaye hakuwa amefika balehe, aliyeishi miaka 1,500,000 hivi iliyopita na ambaye tayari alikuwa na kimo cha karibu sentimita 160. Kabla ya hapo elimu ya watu wa kale namna hiyo ilitegemea zaidi jino hapa na kipande cha fuvu pale. Sasa kwa mara ya kwanza waliweza kumtazama mmoja wao karibu mzima, wakapima miguu yake na mikono yake, wakaona kuwa alitembea kama tutembeavyo. Dunia inamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana.

Nimependa kukumbusha kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, kwa sababu ndipo penye siri ya mtu huyu. Kazi ya kulipwa huisha saa ya kazi. Mapenzi ya kazi hayana saa.

NISHANI YA WASHINGTON

Mwaka uliofuata, 1985, chanda kikavikwa pete. Shirika la National Geographic la Marekani lilimtunukia Kamoya Kimeu nishani yake ya La Gorce, na aliyemkabidhi ni Rais Ronald Reagan, huko Ikulu ya Washington.

Hebu tulitafakari jambo hili. Mtu aliyeanza kwa sururu na karai, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka michache, anasimama mbele ya rais wa dola kubwa kwa sababu ya kazi iliyofanyika kwenye mchanga wa Turkana. Wataalamu nao walimpa heshima ya namna yao, ambayo pengine ni ya kudumu kuliko dhahabu. Walipotoa majina ya viumbe wapya waliogunduliwa, walichukua jina lake. Yuko nyani wa kale aitwaye Cercopithecoides kimeui, na yuko mwingine wa ukoo wa sokwe, wa zamani zaidi, aitwaye Kamoyapithecus. Jina la mtoto wa Ukambani limeunganishwa na Kilatini na Kiyunani, na mwanafunzi wa Tokyo au London atakayeisoma elimu hiyo hana budi kulitamka.

Mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimpa shahada ya udaktari ya heshima. Kibarua wa mwaka 1960 akawa Daktari Kamoya Kimeu. Kutoka Olduvai hadi joho hilo ni miaka 61.

TEMBO HALIKUTIWA MAJI

Sasa turudi kwenye methali yetu ya pili. Je, mgema huyu aliposifiwa alilitia tembo maji?

Jibu liko Kanapoi, kusini magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 1994, miaka tisa baada ya nishani ya Washington, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, Kamoya Kimeu alikuwa bado juani, macho chini, pamoja na msafara wa Dakta Meave Leakey. Huko aliona mfupa wa muundi wa kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Mwisho wa mfupa ule ulionyesha kuwa mwenyewe alitembea kwa miguu miwili. Mwaka 1995 viumbe hao walipewa jina la Australopithecus anamensis, kutokana na neno anam ambalo kwa Kiturkana maana yake ni ziwa.

Kwa hakika mtu mwingine angefanya vingine. Angekaa ofisini Nairobi, nishani ukutani, akasimulia ya Nariokotome mpaka wasikilizaji wachoke. Yeye alirudi mchangani. Nadhani wahenga walisema kweli juu ya mgema, lakini walimsema mgema anayegema kwa ajili ya kusifiwa. Anayeipenda kazi yenyewe, sifa humpita kama upepo juu ya mnazi. Makuti yatatikisika, shina halitoki mahali pake.

MAJINA YASIYOANDIKWA

Nimelileta jambo hili katika ukurasa wa utamaduni kwa makusudi, na huenda wapo watakaouliza mshairi wa pwani anatafuta nini Turkana. Ninatafuta kile kile tunachokipoteza hapa kwetu.

Nenda Lamu, utazame milango ya nakshi. Utaona maua, minyororo, pengine aya na mwaka. Mwenye nyumba utaambiwa alikuwa fulani bin fulani. Ukiuliza ni nani aliyekaa miezi na patasi juu ya mbao ile, aghalabu utajibiwa, "Alikuwa fundi tu." Nenda Matondoni, wanakounda majahazi. Jahazi lina jina, nahodha ana jina, tajiri ana jina. Aliyezipinda mbao hata zikaitii bahari jina lake halimo ubavuni.

Neno hilo "tu" ndilo gonjwa letu. Fundi tu, kibarua tu, mpishi tu, dereva tu. Na mtoto wa mtu huyo hulisikia, akalibeba shuleni, na akiulizwa babako anafanya kazi gani huinamisha kichwa.

Elimu ya mambo ya kale nayo ina "tu" yake. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba mtaalamu fulani amegundua kitu, na aliyekiona kwa macho yake akawekwa katika mstari mmoja wa shukrani mwishoni, pamoja na madereva na wapishi. Waliofanya kazi na Kamoya walimtaja kwa jina, na hilo tuwape haki yao. Lakini wako wengi waliochekecha udongo ule ule ambao wasomaji hawatawajua kamwe. Heshima aliyopewa Kamoya ina thamani zaidi kwa sababu ilifungua mlango, ikaonyesha kuwa jicho lililofundishwa na kazi ni elimu, na mwenye jicho hilo ni mtaalamu.

Tena mambo hayo hayako mbali nasi. Katika pango la Panga ya Saidi, jimboni Kilifi, wachimbaji walikuta mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021, na watafiti wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa ubavu, miguu imekunjwa, na inaelekea kichwa chake kiliwekewa kitu mfano wa mto. Mifupa ilikuwa laini mno hata ikabidi ihamishwe pamoja na donge lake la udongo. Aliyemlaza mtoto yule alimpenda. Na tusingelijua pendo hilo, lenye umri wa miaka 78,000, lau mikono iliyochimba isingekuwa na subira.

MWANA NA BABAKE

Kazi kama ya Mzee Kamoya ina gharama ambayo haiandikwi katika taarifa za wataalamu. Miezi ya jua Turkana ni miezi ambayo baba hayuko nyumbani. Mtoto huanza kutembea, huota meno, huingia shule, na baba yuko kambini akitafuta meno ya watu waliokufa zamani. Kila mwenye baba nahodha, baba askari, au baba wa gari la masafa anaijua hali hiyo. Baba hurudi na vumbi mabegani, na mtoto humtazama kwanza kama mgeni.

Ndiyo maana siku ya kutunukiwa haiwi ya baba peke yake. Ni siku ambayo mwana hupewa jibu la swali alilokuwa nalo tangu utotoni, kwamba ile miezi yote, baba alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Nishani humjibu kuwa alikuwa akifanya jambo ambalo dunia nzima ilikuwa ikilihitaji. Mama aliyebaki na nyumba naye ana fungu lake katika pete hiyo, ingawa hakuna aliyemwita jukwaani.

Lakini si kila baba atapelekwa Washington. Walio wengi pete yao haitavishwa na rais. Itavishwa na nani, basi? Itavishwa na sisi, wanawe. Na isingoje matanga. Tuna tabia mbaya ya kumkalia kimya mtu hai, kisha kumwagia sifa akiwa ndani ya jeneza, wakati hana tena sikio la kuzisikia. Mwulize babako kazi yake ilivyo. Mwambie akuonyeshe anavyoshika patasi, anavyoitazama injini, anavyoijua mvua kwa wingu. Andika jina lake mahali. Watakaokuja wasiambiwe alikuwa fundi tu.

Kwa kuwa mshairi hamalizi maneno yake bila ya kuyapima, nawaachia beti hizi mbili:

Mchumi aso maneno, juani akainama,
Hakutafuta mavuno, ya fedha wala heshima,
Jicho lake ni mfano, kila jiwe hulipima,
Leo mwana ana neno, babangu ndiye alama.

Baba ni mtu wa kazi, jasho lake latajika,
Si kwa dawa na hirizi, hadi cheo akafika,
Ni subira na ujuzi, na Mola aliyetaka,
Kumshukuru mzazi, ni deni la kukumbuka.